Mwiko Wangu kwenye Pampu ya Kobe

Mume wangu hapimi kitu. Mafundi wengine wana mita, wana taa za kujaribia umeme, wana sijui makorokoro gani. Yeye akiletewa gari bovu husema neno moja tu: "Nyamazeni." Basi mteja ananyamaza, majirani wananyamaza, hata mimi ambaye mdomo wangu hauna breki nanyamaza, cherehani yangu inasimama, na yeye anainamisha kichwa upande kama mtu anayenong'onezwa siri. Kisha anasema, "Kuna bolti imelegea huku chini, upande wa kushoto." Ukienda kuangalia, unaikuta imelegea kweli. Ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Sikio. Jina lake la kuzaliwa nalijua mimi na watu wa vitambulisho.

Gereji yenyewe ni ua wetu. Kuna geti, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikabadilika rangi, paa la bati upande mmoja, na dirisha la chumba changu cha kushonea ambalo linatazama pale pale anapofanyia kazi. Magauni mangapi ya maharusi nimeyashona huku navuta harufu ya petroli, we acha tu! Juu ya geti kuna kibao cha bati kilichochorwa sikio, kubwa, jekundu. Hakuna maandishi. Mchoraji aliuliza aandike nini, mume wangu akamjibu, "Anayenitafuta ananijua." Majivuno hayo! Na siku ya kukitundika, akiwa bado juu ya ngazi, akawatangazia watu wote waliokuwa pale: "Siku sikio hili likifa, nakishusha kibao nafunga kazi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilidhani ni maneno ya kunogesha tu.

Sasa, hapa katikati nyumbani mambo hayakuwa mazuri, na sikujua kwa nini. Nikimsimulia kitu anatikisa kichwa, "Ndiyo, ndiyo." Nikimuuliza leo atakula nini, "Ndiyo." Siku moja, kwa hasira, nikamwambia nafunga virago narudi kwetu. Akasema, "Ndiyo, sawa," akaendelea kufunga kamba za viatu. Jamani! Nilikwenda kwenye cherehani nikalia mpaka nikaloanisha kitambaa cha mteja. Moyoni nikasema, huyu mtu amenichoka. Watoto wameshakua wamekwenda kwao, amebaki na mimi peke yangu, na mimi ameshanikinai. Hata kuniangalia usoni alikuwa ameacha. Sikumuuliza, maana na mimi nina kiburi changu. Nilichofanya ni kumzidishia chumvi kwenye chakula, naye akala bila neno.

Hali ikiwa hivyo ndipo akaja Kobe.

Kobe ni gari. Ni la Mkunga, mama mmoja mtu mzima ambaye amezalisha nusu ya watu wa mtaa huu, wakiwemo wanangu wote. Amestaafu, kichwa kizima ni mvi, lakini bado anaendesha lile gari lake la zamani la rangi ya majani, lenye mgongo wa duara. Ukimwambia aliuze anakutazama kama umemtukana. Asubuhi hiyo Kobe aliingia uani akisukumwa na wauza matunda wa pale kona, Mkunga ameshika usukani, mkono mmoja uko nje ya dirisha, anaamrisha: "Sukuma! Usiache sasa! Pumua, halafu sukuma tena!" Wauza matunda walikuwa wanacheka huku wanatokwa jasho. Mmoja wao alisema sasa anaelewa mama yake alipitia nini.

"Mwanangu," Mkunga akamwambia mume wangu, akishuka, "huyu mzee mwenzangu ananiaibisha. Anawaka vizuri, tunakwenda vizuri, tukishakolea njia anaanza kukohoa, anazima. Nikimwacha apumzike kidogo, anawaka tena kama hakuna kilichotokea."

Kwa sauti ya Mkunga hakuna asiyesikia. Ile ni sauti ya kupita kwenye kelele za wodi. Mume wangu alisikia vizuri sana, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari.

Niwaeleze kidogo, maana mimi nimekaa kwenye lile dirisha siku nyingi na haya mambo yameniingia bila kupenda. Kobe ana pampu ya mafuta ya umeme. Ni kidude cha ukubwa wa kopo la maziwa, kimefungwa ndani ya buti, karibu na tangi. Ukizungusha funguo, hata kabla injini haijawaka, kinaanza kugonga: tik-tik-tik-tik, haraka haraka. Hapo kinavuta petroli kutoka kwenye tangi na kuipeleka mbele, kwenye kabureta inayolisha injini. Kabureta ikijaa kinapunguza mwendo, tik... tik..., halafu kinanyamaza. Ikigonga ni nzima. Isipogonga imekufa, au umeme hauifikii. Hakuna zaidi.

Mume wangu alifungua kwanza kifuniko cha tangi, akachovya kijiti kuangalia kama petroli ipo. Ipo tele. Wakati anafungua nilisikia kitu kama mtu anavuta pumzi ndefu, fyuuu, nikadhani ni Mkunga anahema kwa uchovu. Akakifunga tena. Akaitoa pampu, akaifungua kwenye meza yake, akazisugua kwa msasa zile pointi zake, vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani yake. Akapuliza, akafunga, akairudisha mahali pake, akakaza nyaya. Kazi safi, mikono ile haijawahi kutetemeka. Kisha akasema, "Nyamazeni."

Nikasimamisha cherehani. Mkunga akazungusha funguo.

Tik-tik-tik-tik-tik. Wazi kabisa. Mimi niliyekuwa dirishani niliisikia kama ipo mapajani mwangu.

Mume wangu ameinamisha kichwa, sikio liko juu ya buti, macho ameyafumba. Pampu ikagonga, ikagonga, ikapunguza, ikanyamaza. Akainuka, akajifuta mikono kwa tambara.

"Haigongi," akasema. "Pampu imekufa, mama. Na ya aina hii sijui kama utaipata tena popote."

Mkunga aliniangalia. Mimi nikamwangalia. Yule mama ambaye hajawahi kumficha mtu neno alifungua mdomo, akaufunga. Na mimi, nyie, mimi ambaye nikiona kosa hata kwenye msiba nalisema, niliinama nikaendelea kuchoma sindano kwenye kitambaa. Haikuwa hasira, nilikuwa naogopa.

"Basi mwanangu," Mkunga akasema taratibu, "mwache Kobe hapa alale. Tutaona." Akachukua mkoba wake akaondoka kwa miguu.

Sikuweza kungoja. Mume wangu alipoingia jikoni kunawa, nilimfuata, nikasimama mbele ya uso wake, nikasema kwa sauti yote niliyonayo:

"Pampu ilikuwa inagonga!"

"Haikugonga."

"Iligonga! Nimeisikia mimi, ameisikia Mkunga, na ningemuuliza yule paka wa jirani angesema ameisikia!"

Alisimama na sabuni mkononi, maji yanamwagika. Nilitegemea atafoka, maana na yeye si mpole kihivyo. Hakufoka. Akafunga bomba. Akauliza, "Na Mkunga pia?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka nje, akachukua ngazi, akaisimamisha getini.

"We mwanaume, unafanya nini?"

Hakujibu. Sijui hakusikia au hakutaka. Akapanda na spana yake, akaanza kufungua kibao. Niseme nini! Nilimshikia ngazi huku namtukana, maana nisingeishika angeanguka. Nilimwita mjinga, nikamwita kiburi, nikamwambia masikio yanatibiwa hospitali si juu ya ngazi. Akashuka na lile sikio jekundu kifuani, akaliegemeza ukutani, uso wa kibao ukiangalia ukuta.

"Nilisema mbele za watu," akasema. "Fundi asiyesikia ni nani? Namalizana na gari la Mkunga, nalirudisha kama lilivyo, basi."

Siku hiyo ua wetu ulikuwa kimya mpaka nikaichukia nyumba. Ile kazi ndiyo yeye. Hana mpira, hana baraza, hana rafiki wa kahawa. Ana magari ya watu. Nikajiuliza, akiiacha, atakuwa anakaa wapi asubuhi? Atakuwa anaangalia nini? Mimi? Mimi ambaye ameshanikinai?

Kesho yake mchana nilikuwa nakata kitambaa, maharage yako jikoni, nikamtuma kwa ishara ya mkono aende akaangalie kama yameiva. Angalau awe na kazi. Sasa, mume wangu ana tabia moja mbaya ambayo nimeipigia kelele tangu tuoane: akionja kitu jikoni, haulambi mwiko akauweka. Anaung'ata. Anauacha meno yameushika, unaning'inia, huku mikono yake inafungua makopo kutafuta chumvi. Siku hiyo nadhani aliihitaji kweli, maana adhabu yangu ya chumvi nilikuwa nimeshaisitisha kwa huruma, nikapitiliza upande wa pili.

Mara nikasikia, "Mke wangu! Mke wangu, njoo!"

Nilikimbia nikijua ameungua. Nikamkuta ameinama mbele ya jiko, ameng'ata mwiko upande wa bapa, na ncha ya mpini imegusa ubavu wa sufuria. Mfuniko wa sufuria ulikuwa unachezacheza kwa mvuke. Macho yamemtoka.

Akautoa mwiko mdomoni. "Sufuria hili linapiga kelele?"

"Linapiga."

"Silisikii." Akaung'ata tena, akagusisha mpini. "Hapa nalisikia." Maneno yalitoka yamepinda kwa sababu ya mwiko, lakini nilielewa. Akautoa, akaurudisha, akautoa, akaurudisha, kama mtu anayewasha na kuzima taa. "Linaingia kwenye meno! Linapita kwenye mifupa, linafika!"

Kabla sijasema kitu alikuwa ameshatoka mbio kwenda uani, mwiko wangu mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni. Nikamfuata nikipiga kelele kwamba ana bisibisi hamsini kule nje, achukue bisibisi. Akageuka akanijibu, "Bisibisi ina ladha ya grisi!" Wakati huo nilikuwa nimeshamkaribia, ndiyo maana alinisikia.

"Zungusha funguo!"

Nikaingia kwenye Kobe, nikazungusha. Yeye kichwa kizima kimo ndani ya buti, meno kwenye mwiko, mwiko kwenye pampu. Ikagonga mara chache tu, maana kabureta ilikuwa bado imejaa. Nikasikia kutoka nyuma sauti ya mtu mwenye kijiti mdomoni: "I-a-o-a! I-a-o-a!" Alipotoa kichwa alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na kidevuni ana maharage. Sikuwa nimemwona anacheka tangu sijui lini.

"Inagonga," akasema vizuri sasa. "Ni nzima kabisa. Mke wangu, nilikuwa naizika pampu hai."

Kisha kicheko kikakatika, akakuna kichwa. Kama pampu ni nzima, kwa nini Kobe anazima njiani? Nikamwambia hilo ni swali la fundi, na fundi ndiye huyo amesimama mbele yangu. Akaniangalia. Akasema nimwite Mkunga.

Mkunga alikuja mbio, alidhani kuna mtu anajifungua. Tulipomweleza mpango, alisema katika maisha yake ya kazi ameona mengi lakini hili hapana, akaingia kwenye usukani bila kubembelezwa. Mimi nikakaa mbele naye. Mume wangu akajilaza ndani ya buti, mlango wake wazi umefungwa kwa kamba usimwangukie, miguu inaning'inia nje, mwiko mdomoni, ncha kwenye pampu. Hivyo ndivyo tulivyotoka getini. Wauza matunda wa pale kona waliacha biashara. Mmoja akauliza kwa sauti, "Sikio anapelekwa kuzikwa?" Mkunga akamjibu kupitia dirishani, "Anazaliwa!"

Tukazunguka shuleni, tukapita sokoni, tukashika barabara ndefu ya viwandani. Kobe alikuwa anakwenda kama kijana. Kisha mume wangu akaanza kugonga bodi kwa ngumi: ishara yetu kwamba kuna jambo. Punde Kobe akakohoa, akatetemeka, akazima. Mkunga akamsogeza pembeni.

Nilimkuta mume wangu amekaa ndani ya buti, mwiko umo mkononi, amekunja uso.

"Ilianza vizuri," akasema. "Halafu ikawa nzito. Tik. Halafu kimya. Tik. Kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Ina nguvu ya kuvuta, lakini kinachovutwa hakiji." Akageukia upande wa tangi. "Washa funguo, mama. Na wewe, mke wangu, fungua kifuniko cha tangi." Akaung'ata mwiko tena.

Nikakizungusha kile kifuniko. Fyuuuuu! Tangi zima likavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Na pale pale pampu ikaanza: tik-tik-tik-tik-tik! Mume wangu akapiga ngumi hewani.

Shida ilikuwa hewa, basi. Petroli ikitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na kifuniko cha tangi huwa na kitundu kidogo kwa kazi hiyo. Hiki hakikuwa na kitundu. Pampu ilivuta na kuvuta mpaka ndani ya tangi kukakosa hewa, mafuta yakagoma kutoka. Kobe akipumzika, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo, naye akawaka. Nikakumbuka ule mhemo wa jana, niliodhani ni wa Mkunga. Hata mimi ninayesikia nilikuwa nimesikia bure.

Mume wangu alikigeuza kifuniko mkononi. Hakikuwa cha gari. Kilikuwa mfuniko wa chuma wa chombo cha kuchemshia mikasi ya hospitali, kimewekewa mpira mwekundu ndani, na juu ya mpira plasta ya vidonda imezungushwa safu kwa safu, safi sana.

"Mama," akauliza, "hiki nani kakiweka?"

"Mimi," Mkunga akasema, kifua mbele. "Cha zamani kilidondoka njiani. Nikaona nimtengenezee Kobe kilicho bora. Kile cha zamani kilikuwa na kitundu, mwanangu! Kitundu! Kinaingiza vumbi, kinaingiza vijidudu. Mimi kwenye kazi yangu kitu kisichofungwa vizuri sikikubali."

Tulicheka mpaka Mkunga akatukasirikia, kisha akaanza kucheka na yeye, ameshika mlango wa gari asianguke. Mume wangu aliokota msumari na jiwe pembeni ya barabara, akatoboa kitundu kimoja katikati ya ile plasta. Mkunga alifumba macho wakati anatoboa. Kobe aliwaka, akatufikisha nyumbani, na tangu siku hiyo hajazima njiani tena.

Kabla ya kuondoka Mkunga aliona kile kibao kimegeuzwa ukutani. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya wodi, "Kesho asubuhi nakupitia na Kobe, tunakwenda kwa daktari wa masikio. Na kibao hicho nikirudi nikikute juu. Leo kwenye buti la Kobe sikutoa pampu iliyokufa mimi, nimetoa fundi." Na mume wangu akasema, "Ndiyo, mama." Ndiyo hiyo ilikuwa ya kweli, maana alikuwa amesikia.

Daktari akaeleza kwamba vile vifupa vidogo vya ndani ya sikio vimekakamaa, havipitishi sauti kama zamani, lakini sikio lenyewe huko ndani zaidi bado ni zima; ndiyo maana mwiko ulifanya kazi. Kuna upasuaji, kuna kifaa cha kuvaa. Yuko kwenye foleni. Kwa sasa anafanya kazi na mwiko, wateja wanakuja makusudi kumwona, na wauza matunda wameanza kumwita Fundi Mwiko. Mimi nimenunua mwingine wa jikoni. Ule wa gari sitaki kuuona karibu na chakula changu.

Lakini nilitaka kuwaambia ya siku ile ile Kobe alipopona, tulipobaki wawili uani, jua bado lipo, kibao kimerudi juu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilichoundwa kwa matairi mabovu. Akaniita kwa mkono. Nikaenda. Akaung'ata mwiko upande wa bapa, na ncha ya mpini akaiweka hapa, kwenye mfupa chini ya shingo yangu, taratibu kama anayegusa waya wenye umeme.

"Sema," akasema.

Mimi, nyie! Mimi ambaye hata usingizini naongea! Nilisimama pale nikakosa neno. Nikatafuta, nikatafuta, na lililotoka sikulipanga.

"Nilidhani umenichoka."

Alibaki ameng'ata mwiko, ananiangalia usoni. Nilikuwa nimesahau macho yake yana rangi gani. Kisha akautoa.

"Sauti yako ndiyo iliyonipotea kwanza," akasema. "Kabla ya pampu, kabla ya magari. Niliona aibu kukwambia. Nikawa nasema ndiyo kwa kila kitu, nikiamini huwezi kuniomba kitu kibaya. Na nikawa sikuangalii, usije ukaona kwamba sielewi."

"Niliomba kurudi kwetu! Ukasema sawa!"

"Hee! Nilisema sawa?"

"Ulisema sawa!"

"Basi nafuta," akasema, akaung'ata mwiko tena, akaurudisha pale pale kwenye mfupa wangu. "Endelea. Anza na yote yaliyonipita."

Nikaanza. Nilikuwa na mengi. Maharage niliyokuwa nimeyarudisha jikoni yaliungua, harufu tukaisikia wote wawili, na hakuna aliyeinuka.